Akina Mama wa Kikundi Walipokuja na Majembe

Juzi hapa Kalenga niliwaona akina mama wa kikundi wakipita na majembe begani, wamevaa sare yao ya kitenge. Nikakumbuka mchana ule wa utotoni, mama alipokuwa kitandani siku ya tano, homa haishuki, chumba kizima kikinuka majani ya mkaratusi.

Sare ile nilikuwa nimeiona misibani tu. Mchana ule walipoingia uani kwetu na majembe, kimya kimya, nilisimama mlangoni nikatandaza mikono.

"Mama hajafa!" nilipiga kelele.

Wakaganda. Mama Neema, mwenyekiti wao, akatua jembe.

"Nani kakwambia kafa, mwanangu?"

"Mmekuja kuchimba kaburi."

"We mtoto! Kaburi wanachimba wanaume. Sisi tumefuata magugu."

Sasa najua walikuwa wamekubaliana: mwanachama akiugua, shamba lake halisongwi na magugu. Siku ile sikumwamini. Walizunguka nyuma ya nyumba wakaanza kupalilia mahindi yetu, nami sikubanduka mlangoni, nikisikia majembe yakigonga mawe. Kisha wakaimba. Kwenye ubeti wa pili, kutoka chumbani, sauti ya mama ikaitikia, nyembamba, ikikatikakatika.

Ndipo nikashusha mikono.