Mzee Aliyekwama Kwenye Kipande cha Gitaa

Sina faida yoyote ya kuwadanganya. Mimi ni muuza mananasi. Mzigo nautoa Kiwangwa, nakata vipande, nauza stendi ya Bagamoyo, na wanaonijua wanajua kwamba uongo wangu mkubwa kabisa ni kusema mananasi yote matamu. Haya yalinipata mchana, jua la saa nane, nimekula, nimeshiba, macho makavu. Unaweza usiniamini. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana hata mimi niliyeyaona sijayaelewa vizuri.

Ndoto yangu ni gitaa. Hapa kwetu kuna kikundi cha dansi la zamani, wazee watupu, wanapiga kwenye maharusi. Mpiga solo wao alihamia Tanga, kiti chake kikabaki wazi. Nikamfuata kiongozi wao, Mzee Shomari, nikamwambia nakitaka. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Kuna wimbo mmoja tu," akasema. "Ukiweza kupiga kipande chake cha gitaa mbele yetu, kiti chako. Ukishindwa, endelea kutuletea mananasi."

Wimbo wenyewe ulipigwa na marehemu Mzee Kibwana wa Mlingotini, aliyekikalia kiti hichohicho kabla ya huyo aliyehamia Tanga. Alifariki mimi bado mdogo. Sikuwahi kumuona, hata kwa picha. Nilichokuwa nacho ni huo wimbo, uliotolewa kwenye kaseti ukaingizwa kwenye simu.

"Ila kabla hujaugusa," Mzee Shomari akaongeza, "nenda Mlingotini kwa binti yake, Bi Zainabu. Chukua ubani kidogo na sukari, uombe radhi. Kiti cha marehemu hakikaliwi hivihivi."

Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Sikwenda. Haukuwa ubishi, wallahi. Nilijiambia niujue kwanza, ndipo nikaombe. Nani anaomba radhi ya kitu ambacho huenda kikamshinda?

Sasa kile kipande kina mbio. Vidole vya yule mzee vilikuwa kama kuku anayedonoa mtama. Ukisikiliza kwa kasi yake unabaki umefungua mdomo tu. Lakini siku hizi kuna programu ya simu inayopunguza mwendo wa wimbo. Sauti haishuki ikawa nzito, inabaki ileile, ila inavutika, inavutika kama mlenda. Na unaweza kuchagua kipande kidogo kikawa kinajirudia chenyewe bila kukoma. Nikashusha mpaka asilimia arobaini, nikafunga kile kipande cha gitaa peke yake, nikaacha kizunguke.

Wiki tatu. Nikiwepo kinazunguka, nikienda stendi na toroli langu nakiacha kinazunguka chumbani, eti kuta nazo zizoee. Shangazi yangu Mwanaidi, ninayeishi kwake, akachoka.

"Mwanangu, huo wimbo unaumwa?"

"Najifunza, shangazi."

"Basi mpeleke hospitali huyo anayepiga. Tangu asubuhi anakata roho hakati."

Tulicheka sana. Sasa hivi nikikumbuka sicheki.

Ikafika Jumatano, na majaribio ni Jumamosi. Kipande nilikishika karibu chote, isipokuwa mwisho. Pale mwishoni palinishinda kabisa. Sauti naisikia, nyuzi nazijua, lakini vidole havifiki, kama mkono wa mwenzangu uliumbwa tofauti. Shangazi alikuwa kwenye mkeka mlangoni pa nje anachambua mchele. Mimi niko chumbani, mlango wazi, simu inazunguka.

Akaingia mzee. Kanzu nyeupe iliyofifia, kofia ya kiua, mwembamba. Kwa kuwa alipita mbele ya shangazi, nikajua ni mgeni wake.

"Shikamoo, mzee."

Akaanza kuinua mkono. Nikangoja. Mkono unapanda, haujafika. Mguu ulio hewani haujakanyaga. Upindo wa kanzu ulikuwa unarudi nyuma taratibu kama unapita ndani ya maji. Nikadhani kapooza, maskini. Mdomo ukafunguka, sauti ya kawaida kabisa, si ya kutisha, ila imevutwa: "Maaa... raaa... haaa..." Nikaweka gitaa kitandani nimshike asianguke.

Kabla sijamfikia, kipande kikaisha kikaanza upya. Mzee akawa mlangoni tena, mguu hewani.

Nieleze vipi? Hakutembea kurudi. Alikuwa hapa, akawa pale. Nikafikicha macho. Akaanza tena kuingia vilevile, lakini safari hii hakuinua mkono. Kama mtu anayejua muda wake ni mfupi, akaanza kusema mapema: "Mwaaa... naaa... nguuu..." Kipande kikaisha. Mlangoni tena.

Mara ya tatu akaninyooshea mkono wa kushoto, akaugeuza. Kidole cha pete kilikuwa kimejikunja kuelekea kiganjani, kimekauka, hakinyooki. Na hapo, mniwie radhi, kitu cha kwanza kichwani mwangu hakikuwa hofu. Nilifikiri: kumbe. Kumbe pale mwisho panapigwa kwa vidole vitatu. Nilikuwa natafuta njia ya vidole vinne, na haipo.

Kufikiri hivyo ndiko kulikonijulisha nani amesimama mbele yangu. Mkono ukaruka wenyewe kwenye simu, nikasimamisha wimbo.

Akasimama. Akasimama kama ulivyosimama wimbo, mdomo wazi, kisigino hakijagusa sakafu. Nzi akatua shavuni mwake, akatembea, akaruka. Uso ulikuwa umelowa jasho. Ulikuwa uso wa mtu aliyetoka safari ya miguu, siku nyingi, hajapewa hata kiti.

Sikuweza kumwacha vile. Nikabonyeza tena, ikaendelea palepale. Maneno yake nikayapata kwa mizunguko miwili, silabi moja moja, nikiyaunganisha: "Nimechoka. Niache nifike."

Hapa ndipo ninapoona haya. Nilimwelewa. Nilijua nifanye nini. Lakini gitaa lilikuwa pale, Jumamosi ilikuwa karibu, na mwenye kipande alikuwa amesimama chumbani kwangu na mkono wake. Ningeona vidole vile vitatu pale mwisho mara moja tu, kiti kilikuwa changu maisha. Nikamwambia, "Mara moja tu, babu. Mara moja ya mwisho." Nikamwelekezea gitaa.

Kikazunguka. Hakugusa uzi hata mmoja. Aliweka mkono juu ya mbao za gitaa kama unavyomgusa mtoto wa watu kichwani, akanitazama. Chozi likatoka jicho la kulia, likateremka polepole. Halikufika kidevuni. Kipande kiliisha, akarudishwa mlangoni, na chozi likaanza upya juu kabisa.

Nililia mimi. Nikaondoa kujirudia, nikapandisha mwendo mpaka asilimia mia, nikauacha wimbo uende zake.

Wallahi, alikuwa mzee wa kawaida tu. Akakanyaga, akavuta pumzi, akaweka kofia sawa haraka haraka kama mtu aliyechelewa swala. "Ahsante, mwanangu," akasema, sauti nyepesi kabisa. "Hapo mwisho malizia mwenyewe." Akageuka akatoka. Nilipofika nje kwa mbio, wimbo ulikuwa unamalizika.

"Shangazi, mzee kaelekea wapi?"

Akainua uso kutoka kwenye ungo. "Mzee gani? Mimi niko hapa tangu tumalize kula." Kisha akatega sikio kuelekea chumbani. "Naona leo mgonjwa wako kapona."

Kesho yake sikwenda stendi. Nilinunua ubani na sukari, nikaenda Mlingotini. Bi Zainabu ni mama mtu mzima, alikuwa anaanua nguo. Nilitoa shikamoo, nikasema nimetumwa na Mzee Shomari, nimekuja kuomba radhi ya wimbo wa baba. Kuhusu mgeni wangu sikusema neno.

Akapokea ubani, akaunusa, akakaa chini.

"Umekuja wakati mzuri. Baba alinihangaisha. Wiki tatu namwota kila nikilala. Anakuja, anafika mlangoni, hajaingia namwona tena kule kwenye minazi anaanza upya kuja. Nimesoma Yasini, nimetoa sadaka, wapi."

Nikauliza, "Na sasa, mama?"

"Jana nilijinyoosha kidogo baada ya chakula. Akaja, akaingia, akakaa. Akaomba maji. Nikampa, akanywa kikombe chote, akanirudishia. Sijaota tena."

Nikamuuliza kuhusu mkono. Akanyanyua wake wa kushoto, akakunja kidole cha pete. "Mwiba wa taa. Samaki huyo alimchoma akiwa kijana, kidole kikafa. Wewe nani kakwambia? Alikuwa anakificha hata kwenye picha."

Nikamweleza yote, mpaka ile mara moja ya mwisho. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Radhi nimekupa. Lakini ungekuja mapema, ungekuja kunywa chai tu."

Jumamosi nilipiga. Nilipofika pale mwisho sikuwa na mwisho wa Mzee Kibwana, nikaweka kitu changu, kidogo, cha vidole vitatu. Wazee wakatazamana. Mzee Shomari akakuna ndevu.

"Huo mwisho umeutoa wapi?"

"Aliniambia nimalizie mwenyewe."

"Nani?"

Nikainamia gitaa. Akanitazama sana. "Mwisho wa muuza mananasi huo," akasema. "Haya, kaa." Akanisogezea kiti. Kikawa changu, lakini nakwambia kweli, kila nikikalia nakaa kwenye ukingo wake, nusu nyingine naiacha wazi.

Na simu yangu ninayo bado. Ule wimbo ukiushusha mpaka asilimia arobaini, unavutika wote, waimbaji, ngoma, tarumbeta. Ukifika kwenye kile kipande, gitaa linapita kwa mbio zake lenyewe, kuku na mtama, halafu wimbo unarudi kuvutika. Nimewapelekea mafundi wawili wa simu. Mmoja alisema programu ni mbovu. Mwingine aliusikiliza mara mbili, akanirudishia simu bila kunidai.

Je, lilikuwa jua? Ulikuwa usingizi? Basi na Bi Zainabu alilala usingizi wangu? Sijui. Mimi sijasoma sana, na waliosoma niliowauliza wanabadilisha mazungumzo.

Ninachojua ni hiki. Wewe unayejifunza kwenye simu, punguza mwendo ukitaka, hakuna ubaya. Lakini kama aliyepiga hayupo tena, tafuta kwanza mlango wa kwao, ubishe, uombe. Ukimaliza kujifunza, rudisha mwendo wake, uzime. Usitoke nyumbani ukaacha kipande kinazunguka. Huwezi kujua kuna nani yuko njiani anajaribu kufika kwake, na kila akikaribia kizingiti, wewe ndiye unayemrudisha.