Andante ya Kangemi

Masila alikuwa mtu wa hasira za karibu. Mchana alikuwa karani katika ofisi moja mtaa wa Hurlingham. Jioni alifundisha kwaya ya kanisa Kangemi, na huko ndiko alikomalizia hasira zote za ofisini. Mwaka uliopita jaji wa mashindano ya kwaya aliwaandikia neno moja tu: mlikimbia. Wazee wa kanisa wakamwambia waziwazi kwamba wakikimbia tena kwenye mashindano ya Jumamosi hii, kwaya atapewa mtu mwingine.

Kwa hiyo alipoandika Andante ubaoni, uso alikuwa ameshaukunja.

"Haya si maneno ya uganga," alisema. "Waitaliano waliandika kwenye muziki maneno yao ya nyumbani, dunia nzima ikayachukua. Allegro ni uchangamfu. Adagio ni kwa utulivu. Na andante inatokana na kwenda. Ni mwendo wa mtu anayetembea. Kuna mtu hapa hajui kutembea?"

Hakuna. Wakaimba. Jamani, walitimka! Ubeti uliisha kabla Masila hajameza mate. Akagonga meza, wakarudia, mbio zilezile. Mara ya tano akaitupa chaki chini.

"Nimesema tembeeni!"

"Si ndio tunatembea, Mwalimu," akasema Philister, kiongozi wa sauti ya pili, ambaye huwafulia watu nguo Muthangari. "Hivi ndio sisi hutembea asubuhi. Ukienda pole, unapata kazi imeshachukuliwa."

Jibu hilo likamuudhi Masila zaidi. "Kwani hakuna siku mnatembea bila haraka?"

Philister akafikiri. "Nikisindikiza mgeni. Mathe wangu akirudi ushago kijijini, hapo hata steji ya matatu naona iko karibu sana."

"Basi imbeni hivyo!"

Wakaanza vizuri, Masila akipunga mkono kuwaongoza, kisha mbio zikarudi. Masila akafoka, "Sasa nani anawaharakisha?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Ni mkono wako, Mwalimu," Philister akasema.

Akaushusha. Wakaimba wimbo wote bila yeye, kama watu wasiotaka mgeni aondoke, na kila sauti ikaingia mahali pake. Masila aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka tisa alikuwa akiwagombeza kwa kosa lake mwenyewe.

Jumamosi, jaji alipoiita kwaya yao, Masila aliwapanga watu wake, akawapa sauti ya kuanzia, kisha akaenda kusimama mstari wa nyuma, miongoni mwa waimbaji wa besi.