Kumtafuta Babu wa Kimarekani Songo Mnara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mambo ya kale Kilwa Masoko, Mhifadhi alinipa kiti kisicho na mgongo, akaniambia, "Wenzako watapima magofu. Wewe, binti, utawauliza watu wamezaliwa na nani. Ukiona mtu anajibu haraka, mwulize tena."

Kazi hiyo tuliiita kukusanya nasaba, yaani kumfuata mtu kutoka kwa wazazi hadi kwa mababu. Nilifundishwa kuanzia upande wa mama, kwa sababu upande wa baba watu hupenda kuupamba. Ukiwasikiliza, Kilwa nzima hakuna aliyezaliwa na mkulima. Na ndugu wawili hawahojiwi pamoja, maana mkubwa atasema na mdogo ataitikia.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wageni walianza kuja, wengi wakiulizia viwanja vya ufukweni. Mama mmoja wa Kimarekani, Ruth, mkulima wa mahindi, aliulizia babu. Babu wa mama yake alitoka shambani kwao, akapanda meli iliyoleta kitambaa cha merikani, akamwacha mke mjamzito. Hakurudi. Kwao ilisemwa alifia Kilwa kwa homa, na vizazi vyote vilimwombea. Mama yake Ruth, sasa mkongwe, alitaka kujua kaburi liko wapi.

Habari zikaenea, ofisi ikajaa wajukuu. Mmoja alitoka Milola kuja kuonyesha pua yake. Mfanyabiashara wa Mingoyo alidai undugu kwa kuwa anauza nguo. Nikawahoji kuanzia upande wa mama, wakapungua.

"Amebaki nani?" Mhifadhi aliuliza.

"Yule wa pua tu, mzee."

"Pua si nasaba. Mpeleke mgeni Songo Mnara. Huko bado hawajasikia."

Tulivuka kwa mashua hadi kisiwani, tukafika kwa kikongwe mmoja, Bi. Somoe. Kabla hatujakaa vizuri, aligeuka kuwaita mbuzi wake: "Kobosi! Kobosi!"

Ruth alinishika mkono. "Sisi nyumbani tunaita ng'ombe hivyo hivyo," alisema.

Majirani waliniambia kisiwani hakuna nyumba nyingine inayoita mbuzi kwa neno hilo. Nikamwuliza Bi. Somoe amelitoa wapi.

"Kwa babu, mzaa mama."

"Naye alitoka wapi?"

Akamtazama Ruth. "Sijui. Sisi hatuna undugu na Wazungu."

Wasio na babu wote walikuwa wamemdai. Mwenye naye akamkana. Alihofia kiwanja chake. Nilipomweleza Ruth, alisema, "Mwambie nina shamba, na linanichosha vya kutosha. Nataka tu kujua kama babu alikufa kwa homa."

Bi. Somoe akacheka. "Homa? Amekufa mzee kabisa. Alikuwa akisema, kwao baba yake ana ng'ombe tele na mkamuaji ni yeye peke yake. Ndiyo maana hakurudi."

Nilisita, kisha nikatafsiri. Ruth akatazama mbuzi. "Na mke aliyemwacha na mimba?"

Uso wa Bi. Somoe ulibadilika. "Hilo hakutuambia. Bibi yangu angejua, asingemkubali." Akamshika Ruth mkono. "Nakuomba radhi kwa niaba yake. Mimi ni mjukuu wake, na mama yako ni mjukuu wake. Basi wewe mwanangu. Mbona umeingia bila kuniamkia?"

"Shikamoo, mama," Ruth alisema kwa shida, baada ya kufundishwa.

"Marahaba."

Walicheka mpaka machozi yakatoka, na nadhani mengine hayakuwa ya kicheko. Kisha tukaenda kufagia kaburi.

Mhifadhi aliniuliza nina ushahidi gani. Nikamjibu, "Mbuzi waliitika, mzee." Alikuna kichwa, akasema tuandike "inaelekea ni kweli."

Baadaye tulipata salamu kwamba mama yake Ruth ameacha kumwombea babu. Sasa anamwombea Bi. Somoe.

Nimestaafu. Vijana huniuliza kama nimewahi kufuata nasaba yangu mwenyewe. Nilianza, kwa utaratibu, upande wa mama. Nilipofika kwa babu, mama yangu mkubwa aliweka kikombe chini, akaniambia, "Hapo hapo panatosha." Nikaona panatosha.