Bakuli la Kulia

Jirani yangu fundi magari tunamwita Bado. Ukimwuliza kama ameanza kazi, hilo ndilo jibu lake, wala haoni aibu. Kwanza atandike turubai uani, kisha apange vifaa kwa safu: jeki, stendi mbili, nyundo ya shaba, soketi pana ya nati ya habu, sili mpya, grisi, matambara. Halafu asimame mikono kiunoni, avitazame kama mwalimu anayehesabu darasa. Mimi nashona nguo kwenye dirisha linalotazama ua wake, hakuna kinachonipita. Nimewahi kumaliza suruali nzima, zipu na pindo, kabla hajagusa nati.

Juzi alikuwa na gari la mkunga, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ekseli ya mbele ilikuwa inavuja. Mkunga alisema wazi kwamba saa nane mchana ni lazima aondoke, kwa sababu kule kliniki ya mlimani kuna wajawazito wanaomsubiri, na barabara ile haina gari jingine linaloiweza.

Bado akafungua pande zote mbili. Ndani ya ekseli mna vipande vyembamba vya chuma, mafundi huviita shimu, vinavyofanya usukani usilegee wala usikaze. Vya upande mmoja havihamii upande wa pili. Kwa hiyo akavitia kwenye mabakuli mawili, akaandika kwa kalamu nene: KUSHOTO, KULIA. Akaenda kunawa mikono.

Mama mkwe wake, aliyekuja kumtembelea binti yake, akatokea uani, akasoma. Niliona yote yaliyofuata, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa pini.

Bado aliporudi, bakuli moja lilikuwa limeoshwa na kuanikwa. Shimu zote zilikuwa kwenye lile jingine, nazo safi kabisa.

"Baba," mama mkwe akasema, "kweli mmekosa pa kuweka vyuma mpaka mvitie kwenye bakuli la kulia?"

"Ni upande wa kulia, mama. Wa gari."

"Pa kulia ni jikoni, baba."

Mkwe hagombezwi. Bado akatazama saa. Ilikuwa tano na nusu. Nilimwonea huruma hata nikasahau kucheka.

Dawa ilikuwa moja tu, kupima upya. Atie shimu, avute kwa mizani ya ndoano aone usukani unakaza kiasi gani, afungue, abadilishe, avute tena. Mama mkwe, aliyeuza maharage sokoni miaka thelathini, akamnyang'anya mizani.

"Wewe fungua na ufunge. Kusoma niachie mimi. Mbili na nusu."

"Si karibu tatu, mama?"

"Mizani yangu haijui karibu."

Walivuta, wakafungua, wakavuta tena, mara tisa nilizohesabu. Saa nane kasoro dakika tano mkunga akazungusha usukani huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka kuelekea mlimani.

Jioni mke wa Bado akarudi kutoka kazini, akamkuta mama yake ana grisi hadi kwenye viwiko. Akamgeukia mumewe kwa jicho kali.

"Kosa ni langu," Bado akasema. "Niliandika vibaya."

"Ni kweli," mama mkwe akasema. "Lakini anafundishika."