Programu Niliyoiandikia Kyuso

Ile asubuhi ya mwethya, ule ushirika wa wanawake wa kulimiana, shambani kwa Mama Mwende ingali machoni pangu, mwanangu, na jana umeifufua bila kujua. Nilikuwa nimeketi hapa nje nikichambua ndengu, nikamsikia mama yako akikuuliza kwa upole, "Na hii kazi unayofanya humo chumbani siku nzima, ni kazi gani hasa?" Ukamjibu bila kuinua macho: "Ni mambo ya programu, mum. Hata nikikuambia hutaelewa." Akarudisha mlango polepole akaenda zake jikoni. Ndengu zikanishinda kuchambua. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu kwa sauti hiyo hiyo, na nilijibiwa jibu ambalo sijalisahau. Kwa hiyo funga hiyo mashine kidogo, uje ukae hapa. Serikali haitaanguka kwa nusu saa.

Najua unaniona mimi ni bibi wa ndengu na kanisa. Nyinyi mnadhani kufanya kazi ya ofisi ukiwa nyumbani kumeanza na nyinyi. Mimi niliifanya kabla mama yako hajazaliwa, tena bila stima na bila simu. Nilikuwa mwanagenzi wa kuandika programu katika idara moja ya serikali huko Nairobi, wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima na kupuliziwa hewa baridi ambayo hata wakubwa wetu hawakupuliziwa. Sisi wanagenzi hatukuruhusiwa kuigusa. Tuliandika kwa penseli kwenye karatasi zenye visanduku vidogo, herufi moja kila kisanduku. Wasichana wa chumba cha pili walizitoboa herufi zile kwenye kadi, kadi zikalishwa mashine, na baadaye ukaletewa majibu yamechapwa kwenye karatasi ndefu kama shuka. Ukikosea, unachonga penseli na kuanza upya.

Ndipo mama yangu akavunjika mguu hapa Kyuso. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na hakuwa na mtu wa kumpikia wala kumnyanyua. Wenzangu walinishauri niache kazi, wengine wakasema nitafute msichana wa kumwangalia. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu, Bwana Wafula, mtu mrefu wa maneno machache, nikamwambia, "Bwana Wafula, mashine siigusi. Hapa natumia penseli, na penseli itaandika vilevile nikiwa Kyuso." Alinitazama kama mtu aliyeombwa jambo lisilo na fomu yake. Sidhani mwanagenzi mwingine alikuwa amemwambia hivyo.

Akakubali, lakini kwa sharti. Idara ilitaka programu ya kugawa mbegu za ndengu na mtama kwa masoko ya Ukambani kabla ya mvua ya mwisho wa mwaka, ile tunayoitegemea, ili malori yajue yapakie nini na yapeleke wapi. "Iandikie huko huko," akasema. "Ikifanya kazi kabla ya malori kupakiwa, nitakupitisha uwe mwandishi kamili wa programu. Isipofanya, nitajua ulikuwa likizo, na nafasi yako nitampa mwingine." Nikasema sawa. Sikuogopa hata kidogo. Nilijua kuandika, mwanangu, na sitajifanya mnyonge leo ili hadithi ipendeze.

Basi nikarudi nyumbani na rundo la karatasi. Nikaweka meza mlangoni penye mwanga, mama akilala upande wa ndani, mimi upande wa nje. Nikimaliza kuandika, bahasha nampa kondakta wa basi la Nairobi, na tarishi wa ofisi anaichukua kituoni kule. Majibu yanarudi kwa basi hilo hilo, baada ya siku kadhaa. Watu wakipita njiani wananiona nimeketi na penseli, na najua walivyosema, kwa sababu mama aliniambia akicheka: ati Kasyoka anafanya kazi ya serikali na hata viatu hajavaa.

Tatizo lilikuwa mwethya. Wewe umezaliwa watu wameshaanza kulipana, kwa hiyo nikueleze. Leo kundi lote la wanawake linalima kwa huyu, siku nyingine kwa yule, kila mtu na jembe lake. Msimu ule walikuwa wanachimba matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo upande wa juu, ili mvua isiubebe. Zamu ya mama yangu ilikuwa inakuja, na yeye hawezi kusimama. Wa kwenda badala yake nilikuwa mimi, na mimi sikwenda. Walipotuma mtu kuniuliza, nilimjibu, "Waambie nina kazi ya Nairobi. Hawataielewa." Nilimjibu hivyo zaidi ya mara moja.

Wakati huo programu yenyewe ilikuwa imenikalia kooni. Majibu ya kwanza yaliporudi, masoko ya mwanzo yalikuwa yamepata mbegu zote yalizoomba, na ya mwisho, Kyuso ikiwemo, yalikuwa na sifuri. Nikapekua karatasi zangu mstari kwa mstari, nikabadilisha vitu viwili vitatu, nikatuma tena. Zikarudi sifuri zile zile. Chini ya karatasi Bwana Wafula alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Malori yanapakia wiki ijayo. Imebaki nafasi moja." Nikaisoma mistari yote tena, na kila mstari ulikuwa sawa. Usiombe kukutana na kazi isiyo na kosa ambalo unaweza kuliona.

Asubuhi iliyofuata wanawake wa mwethya wakaniita. Sheria yao ilikuwa moja: aliyekosa kufika anasimama mbele ya kundi, anaeleza kazi iliyomzuia, na kundi linaamua kama ni kazi. Likikataa, shamba lake linarukwa. Mama akaniambia, "Nenda. Mimi nitakula nini hili shamba likibebwa na maji?" Nikaenda nimekunja uso.

Nikawakuta kwa Mama Mwende, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wao, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mlezi wa kwaya. Akasema, "Kasyoka, hatukukuita kukugombeza. Lakini jembe lako hatulioni. Tuambie hiyo kazi."

"Mwaitu, mama yetu, ni kazi ya kompyuta," nikamjibu. "Ni ngumu. Hata nikieleza hamtaelewa."

Hakukasirika. Aliweka jembe chini, akakaa juu ya tuta walilokuwa wamelichimba, na wengine wote wakakaa. Akasema, "Wewe hujaniambia, na tayari unajua sitaelewa. Umejuaje? Mimi naona ni kama wewe ndiye hujaelewa, unaogopa tukujue. Eleza. Tuko na asubuhi yote."

Mwanangu, nilisikia masikio yakiwaka moto. Niliona aibu, na nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa amegusa pale pale. Nikaanza vibaya, kwa maneno ya darasani, mpaka mmoja wao akasema, "Hiyo Kizungu wekea Nairobi." Wakacheka, na mimi nikashindwa kutocheka. Nikapiga magoti. Nikachukua mabonge ya udongo nikayapanga juu ya tuta kwa mstari, nikawaambia kila bonge ni soko. Hili ni Emali, hili ni Tawa, hayo mengine ya katikati ni ya huko njiani, na lile la mwisho kabisa ni sisi, Kyuso. Nikaokota vijiwe tele mkononi, hivyo vikawa magunia ya mbegu. "Sasa mimi ndiye mashine," nikasema. "Mtu ameniandikia la kufanya, nami siongezi akili yangu. Naenda kwa Emali, nauliza, unataka ngapi? Nampa. Naenda kwa Tawa, unataka ngapi? Nampa."

Nikaendelea hivyo bonge kwa bonge. Kabla sijafika mwisho, mkono ukawa mtupu.

Nakumbuka mwanamke mmoja alikuwa akinyonyesha, akaacha hata kumpapasa mtoto. Mimi nilikuwa natazama kiganja changu, kina vumbi tu, na bonge la Kyuso limebaki peke yake. Wiki zote zile nilikuwa nikitafuta mstari uliokosewa, na hakukuwa na mstari uliokosewa. Mashine ilifanya nilichoiambia. Nilikuwa nimeianzisha kugawa kabla haijasikia mahitaji ya wote. Ilitakiwa ipite kwenye kadi zote kwanza, ijumlishe, halafu ndiyo irudi mwanzo ilipe kila soko fungu lake kulingana na mbegu zilizopo.

"Nimeiona," nikasema.

"Umeona nini?" Mama Mwende akauliza. Nikamweleza, na safari hii maneno yalitoka mepesi, hata wazee wa kanisa wangeyaelewa. Akaitikia kwa kichwa. "Sasa tumeelewa. Na wewe?"

"Na mimi nimeelewa, Mwaitu."

Kundi likakubali kuwa ile ni kazi. Usidhani basi niliachiwa hivi hivi. Mama Mwende alisema sehemu yangu ya tuta lazima ichimbwe, kisha akachagua wawili waichimbe kwa niaba yangu, na msichana mwingine akatumwa mtoni kufukua maji kwenye mchanga ampelekee mama yangu. "Wewe nenda na penseli yako," akaniambia. "Basi la kesho lisikuache." Niliandika mchana kutwa pale mlangoni, na asubuhi bahasha ilikuwa mikononi mwa kondakta. Yule kondakta alizoea kunitania kuwa namwandikia mchumba. Siku hiyo aliniangalia uso akaiweka bahasha mfukoni mwa ndani, akafunga kifungo.

Lori lilifika Kyuso mawingu yakiwa yameanza kukusanyika upande wa vilima vya Mumoni. Niliposikia muungurumo wake nilitoka mbio, na nilipoona magunia nililia mbele ya watu wote, wala sikujificha. Dereva alikuwa na barua yangu. Bwana Wafula, mtu wa maneno machache kama nilivyokuambia, alikuwa ameandika: "Programu imepita. Na wewe umepita. Baki na mama mpaka apone." Mama Mwende akabeba mbegu zake mgongoni, akanipita akasema tu, "Wiki ijayo ni kwenu. Uje na jembe." Nilikwenda nalo, na nikachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wakati wa kupumzika akaniuliza, "Haya, Kasyoka, Nairobi wamekupa nini tena?" Ikawa desturi. Mpaka mama anaanza kutembea, kila programu niliyoandika niliieleza kwanza pale juu ya tuta.

Sasa nisikilize, mwanangu. Wewe nawe bado uko mafunzoni kama nilivyokuwa mimi, na naona tangu juzi unashika kichwa humo chumbani, na mkubwa wako yuko mbali, hawezi kuuona uso wako. Kazi ya mbali ina upweke wake, na upweke huo hukufanya ufikiri hakuna anayeweza kukusaidia ila anayejua unachojua. Si kweli. Yeyote anayekuuliza kazi yako ni nini anakupa nafasi ya kujisikia ukiisema. Usimfungie. Ukishindwa kumweleza mama yako, rudi uitazame kazi yenyewe, maana huenda bado hujaishika. Na usijidanganye kwamba unaifanya peke yako. Kuna anayekupikia, na kuna anayewanyamazisha watoto wa jirani ukiwa kwenye simu na ofisi. Wana haki ya kujua jasho lao linakwenda wapi. Halafu mjulishe mkubwa wako mahali ulipokwama kabla wino mwekundu haujafika.

Mungu aibariki mikono yako na hiyo mashine yako. Akupitishe mafunzo haya, akupe mkubwa mwenye moyo, na popote utakapofanyia kazi asikunyime watu wa kukuuliza, wala subira ya kuwajibu.

Mama yako huyo yuko jikoni. Beba hizi ndengu umpelekee. Zitakutosha kumwonyesha kazi yako.