Maktaba ya Kompyuta ya Mama

...na bado mnaniuliza kwa nini nilimkubali Wafula?

Mama hakuja sherehe yetu hapa Kitale. Kwetu mama mkwe haendi kwa mkwewe hivi hivi. Video ya harusi ndiyo macho yake, na kompyuta yake kuukuu, aliyotuletea tuitengeneze, haiichezi.

Leo Wafula wangu ameshinda kutwa akiijengea programu ya video. Kila mara inakataa: maktaba, zile faili ambazo programu huziazima, haisomeki.

"Lakini nimeiweka!"

"Uliitoa wapi, mpenzi?"

"Kwa laptopu yangu."

"Si hiyo ni mpya, bana, na hii ya Mama ni ya zamani?"

Akacheka. Akatafuta maktaba ya zamani inayolingana nayo.

Ikacheza! Nililia, jamani.

Mama, kabla ya mwezi huu kuisha nakuja nayo Bungoma. Nataka nikuone ukiniona nikicheza harusini.