Taa Tatu za Watoto

Virginie Lombe, mzaliwa wa mtaa wa Kenya hapo Lubumbashi, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia nafasi ipotee bure. Hata maharagwe aliyashindilia kwenye kopo mpaka kifuniko kikagoma. Basi zahanati moja ya kujifungulia ilipomwomba aitengenezee programu kwa kompyuta yao kuukuu, waliyoiita ordinateur, yenye kumbukumbu ya kuku, alifurahi kupita kiasi.

Virginie alimpa kila mama namba moja tu. Ndani ya namba hiyo alipanga vitaa, kila kimoja kimewaka au kimezima: viwili vya kundi la damu, vitatu vya idadi ya watoto aliowazaa, na jirani yao kimoja ambacho kikiwaka maana yake mama amefariki. Akitaka kusoma jambo moja, aliivisha namba barakoa iliyoficha mengine yote. Vitaa vitatu huhesabu sifuri hadi saba, na saba zilimtosha. Kwao walikuwa saba, yeye kitindamimba, na tangu utoto alijua saba ndiyo nyumba iliyojaa. Fiche, yaani rekodi ya mzazi, ya kwanza kuijaribu ilikuwa ya mama yake, Julienne: watoto saba.

Asubuhi moja muuguzi Régine alimpigia simu.

"Virginie, kuya mbio. Ordinateur inasema huyu mama alishakufa, hana hata mutoto moja. Na njo huyu anasimama hapa, uchungu inamushika."

Huko zahanatini Virginie alimkuta mama huyo, Mapalo, ameegemea ukuta wa korido, jasho linamtiririka, na kitandani hataki kupanda. Régine alishambembeleza mpaka sauti ikamkauka.

"Siwezi lala pa kitanda ya kuzala, na munaniandika mufu," alisema Mapalo. "Mutoe ile neno kwanza."

"Mama, uko na batoto ngapi?" aliuliza Virginie.

"Munane. Huyu ni wa tisa."

Nane haienei katika vitaa vitatu. Ilikuwa imevizima vyote na kukiwasha cha jirani, kile cha kifo. Aliogopa kama aliyeshika kisu chenye damu. Alikaa kwenye kompyuta, akakihamishia kitaa cha kifo mwisho kabisa wa namba, akawapa watoto vitaa vinne. Kisha akaigeuza skrini ili mwenyewe aone: yuko hai, watoto wanane. Mapalo aliisoma taratibu, akapanda kitandani. Kabla ya adhuhuri alijifungua msichana.

Hapo ndipo Virginie alipopekua fiche nyingine, akapigwa na butwaa. Wanawake kumi na tisa programu yake ilikuwa imewazika kwa namna hiyohiyo. Wawili kati yao alikuwa amewasalimia sokoni juzi. Akawarudisha mmoja mmoja, akimwomba kila mmoja radhi kwa jina lake.

Mchana alikwenda kwa mama yake kumhadithia, akamkuta anachambua mboga za lengalenga. Julienne alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikasimama.

"Na miye uliniandikaka ngapi?"

"Saba, mama. Si tuko saba?"

"Saba njo benye mulikomea mu nyumba, mukakuwa bakubwa. Miye nilizala munane. Wa kwanza alikuwa Keren. Alimaliza siku ine tu, akakufa."

Miaka thelathini na minne Virginie amekula katika nyumba ile, na jina hilo halijawahi kumfikia sikioni.

"Juu ya nini hukusemaka?"

"Hakuna mwenye aliniulizaka," alisema Julienne, akarudi kwenye mboga zake. "Na we uliandika tu, hukuniuliza."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma. Alikuwa amewapimia mama wa watu wote nafasi kwa hesabu ya sahani za kwao. Na kama angeuliza siku ile ya kwanza, mama angesema nane, na mashine ingemuua mbele ya macho yake.

Kesho yake aliifungua fiche ya Julienne. Alifuta saba, akaandika nane, akakaa mkono mdomoni akikitazama kitaa cha kifo. Hakikuwaka.